Kabla hujanunua tairi mpya za mkweche wako wa porini, lala chini ya gari kwanza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa na gari ya zamani ya porini, ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, koili springi pande zote, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukifika kilomita 80 kwa saa ukapita kwenye kashimo kadogo tu, usukani unaanza kutetemeka kama umeshikilia mashine ya kusaga, na hauachi mpaka upunguze mwendo kabisa. Mi nikasema hizi ni tairi, zimechoka. Nikatoa zote nne nikafunga mpya, tena za meno makubwa ya matope kwa sababu zilikuwa zinapendeza machoni, na kutetemeka ndo kukazidi. Nikaenda wili balansi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu yule kijana wa mashine akaniangalia tu.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee ambaye tairi hata hakuzigusa. Aliniambia lala chini, angalia ile rodi ndefu iliyokatiza mbele kutoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, mi nachezesha usukani. Akawasha gari, akawa anazungusha kidogo kulia kidogo kushoto, sio zaidi ya robo. Nikaiona. Kichwa cha ile rodi, panadi rodi wanaiita, kilikuwa kinahama kwanza peke yake, halafu ndo ekseli inafuata kwa kugonga, tok. Kulia, tok. Kushoto, tok. Bushi ya ndani, yaani ile raba inayokaa kwenye kiungo, ilikuwa imebaki vipande vya raba vilivyokauka, kitu kizima kinaenea kwenye kiganja. Na tairi zangu mpya kwa muda ule mfupi zilikuwa zimeshaanza kulika mabonde mabonde na kuvuma barabarani, na tairi ikishalika hivyo hairudi, hata ukitengeneza kila kitu utaendelea kuisikia mpaka iishe.

Ndo maana nasema mambo haya mawili, tairi na sasipensheni, ni jambo moja, na lina mpangilio wake. Wengi wetu tunaanza na tairi, tunafuata springi za kunyanyua gari, bushi tunazikumbuka gari ikishaanza kutafuta mtaro. Geuza huo mpangilio. Bushi na viungo kwanza, halafu springi na shokapu, halafu tairi, halafu alaimenti, yaani kupanga mkao wa magurudumu, ndo ifunge hesabu.

Sasa kabla hujatupa tairi za zamani zitumie, maana zile ni kama cheti cha hospitali. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, nenda nacho halafu rudi nacho. Ikiwa imelika katikati tu, ilikuwa inajazwa upepo mwingi kupita mzigo. Ikiwa imelika kingo zote mbili huku katikati bado nzima, upepo ulikuwa mdogo. Imelika ukingo mmoja, hapo tairi imelala upande, na sababu inaweza kuwa alaimenti, boljointi zilizokwisha, yaani vile viungo vya duara vinavyoshika gurudumu, au bushi za mikono, zile rodi zinazounganisha gurudumu au ekseli na chesisi. Ukisikia kiganja kinateleza vizuri ukienda kushoto lakini ukirudi kulia kinakwaruzwa kama msumeno, tairi za mbele zinaangaliana au zinakimbiana, haziendi sambamba, yaani kila mzunguko zinaburuzwa kidogo pembeni. Na ukikuta mabonde na vilima kuzunguka tairi, hapa pamekwisha hapa pamebaki, tairi ilikuwa inarukaruka badala ya kukanyaga, na hapo mshtakiwa wa kwanza ni shokapu, wa pili ni tairi isiyofanyiwa balansi, wa tatu ni kiungo chochote kinachocheza. Ukisoma hivi tairi zote nne, tena ukaandika kila moja ilikuwa kona ipi, unaingia chini ya gari ukijua unatafuta nini.

Chini ya gari sasa. Nyanyua mbele, weka stendi za chuma na usiamini jeki peke yake hata siku moja, shika tairi juu na chini utikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki halafu utikise tena: kama kucheza kumeisha ni beringi ya gurudumu, kama bado kupo basi ni boljointi, au kwa gari za ekseli nzima ni beringi za kingpini, ile pini ambayo gurudumu linageukia. Halafu shika kulia na kushoto utikise, hapo unasikiliza tairodi endi, yaani vichwa vya rodi za usukani, na boksi ya stelingi. Baada ya hapo chukua mtaimbo mfupi, uchomeke kati ya bushi na mkono wake, ubinue kidogo. Raba nzima inarudisha, inakuwa kama inabishana na wewe. Raba iliyokufa inakubali tu. Nyufa ndogo za juu juu zisikutishe kwenye gari ya miaka 25, angalia kama raba imeachana na chuma, kama kile chuma cha katikati kimehama hakiko katikati tena, au kama kuna vumbi jeusi limezunguka bushi kama unga, hiyo ni raba inajisaga yenyewe.

Kwenye gari za springi za vyuma bapa mambo yanaongezeka kidogo. Shika sheko, yaani zile pini na vibao vinavyoning'iniza mkia wa springi, uone kama zimelika ndani, maana huko ndo gari inaanzia kutembea upande kama kaa. Angalia ncha za vile vyuma kama zimechimba mfereji kwenye chuma cha chini yake. Angalia pia kama senta bolti, ile inayoshikanisha vyuma vya springi, imekatika, dalili yake ni ekseli kurudi nyuma upande mmoja, unaweza kuipima kwa futi ya kawaida kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, namba zikitofautiana sana jua kuna kitu kimehama.

Bushi ziwe za raba au za polyurethane, hizi za plastiki ngumu za rangi? Mi niko upande wa raba sehemu nyingi. Polyurethane haichoki haraka na haitishwi na oili, na kwenye sheko au stabilaiza, ile rodi inayozuia gari kulala kwenye kona, inafanya kazi nzuri ukiiwekea grisi yake. Ila kwenye mikono mirefu inayoshika ekseli ya mbele, pale inapotakiwa kupinda ili gurudumu moja lipande jiwe na lingine libaki chini, ule ugumu unazuia ekseli kujinyonga, na unapeleka kila kishindo kwenye chesisi. Na zinalia. Usipoweka grisi sawasawa zinalia kiki kiki kama kitanda cha zamani, watu wote wanageuka.

Halafu kuna kosa moja ambalo nimeliona gereji nyingi kiasi kwamba nataka nikae hapa kidogo. Bushi za raba za kawaida hazizunguki kwenye bolti, raba imeshikana na chuma cha nje na cha ndani, inafanya kazi kwa kujinyonga. Sasa fundi ananyanyua gari, magurudumu yananing'inia, anaingiza bushi mpya, anabana nati mpaka mwisho huku gari iko hewani, anashusha. Ile raba imebanwa ikiwa kwenye mkao wa kuning'inia, gari ikishuka inanyongwa, na itakaa imenyongwa hivyo usiku na mchana hata gari ikiwa imepaki, ndani ya miezi michache imechanika halafu unaambiwa bushi zilikuwa feki. Huenda hazikuwa feki. Inatakiwa nati zishikizwe kwa mkono tu, gari ishuke chini ikae na uzito wake kwenye magurudumu, itikiswe mara kadhaa ikae kwenye kimo chake, halafu ndo mtu alale chini abane kwa kipimo. Ni usumbufu, najua, hasa kama gari iko chini na mkono hauingii. Tafuta shimo la gereji au panda kwenye mbao, ila simamia hilo jambo mwenyewe.

Tuje kwenye springi. Kabla hujaamua chochote pima kimo, na usipime kutoka ardhini maana tairi na upepo vitakudanganya, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, gari ikiwa mahali tambarare. Linganisha kushoto na kulia, mbele na nyuma. Gari nyingi za zamani zimelala upande wa dereva au upande wa tenki, na nyingi zimelala nyuma kwa miaka ya mizigo.

Swali la pili ni uzito, na hapa watu wanajidanganya kuliko sehemu nyingine yoyote. Mtu ana bampa la chuma mbele, winchi, keria ya juu, tenki la pili, na bado ananunua springi kwa kuangalia picha ya gari ya mwenzake. Hesabu kidogo tu: dizeli lita 80 ni karibu kilo 67, maji lita moja ni kilo moja kamili, winchi na bampa la chuma kwa pamoja zinakaribia au kupita kilo 100, na hizo mbili za mwisho ziko mbele kabisa ya ekseli ya mbele kwa hiyo springi zinazisikia zaidi ya namba yenyewe. Kama kuna mizani ya magari unayoweza kuifikia, pima gari mara mbili, mara moja ikiwa tupu na mara moja ikiwa na kila kitu unachosafiri nacho pamoja na watu, na kila mara pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Springi nzuri zinauzwa kwa mzigo wa kudumu, yaani ule unaokaa kwenye gari kila siku. Ukinunua za kilo 300 kwa sababu mara mbili kwa mwaka unabeba kilo 300, siku zilizobaki zote utakuwa unaendesha mkokoteni, nyuma inaruka, tairi hazishiki, na kiuno ndo kinalipa. Na springi ngumu haibadilishi uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari, maana breki, ekseli na chesisi bado ni zile zile.

Springi bapa zilizolala kuna watu wanazikunja upya kwa nyundo. Inafanya kazi kwa muda, ila chuma kikikunjwa bila kupikwa tena kwenye joto lake na kupoozwa inavyotakiwa kinarudi kulala, na mara nyingi hakichelewi. Kuongeza jani moja nene ndo mbaya zaidi, lile jani linabeba mzigo peke yake na linakatika au linakata wenzake. Na yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ukizifungua usizirudishe, zilishavutika siku ya kwanza, weka mpya.

Gari zenye toshen baa mbele, yaani chuma kirefu kinachojinyonga badala ya springi, kama Hilux za kabla ya 2005 zenye mbele huru, kila gurudumu likicheza peke yake, na Pajero za kizazi cha kwanza na cha pili, zina kishawishi chake: unazungusha bolti tu na gari inapanda. Bure kabisa! Ila hujaongeza kitu, umehamisha. Ile baa haijawa ngumu zaidi, ulichofanya ni kula nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo ukipita kwenye shimo gurudumu linafika mwisho wa kushuka na linagonga, ukajiuliza mbona gari imekuwa ngumu. Rudisha kimo cha kiwandani, ongeza kidogo sana kama lazima, basi.

Shokapu wengi hawaielewi inafanya nini. Haibebi gari, gari inabebwa na springi. Shokapu inaua mtikisiko, oili inasukumwa kupita kwenye vitundu vidogo ndani na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Kwa hiyo kuna kipimo kimoja kizuri kuliko kile cha kubonyeza kona ya gari ukahesabu inaruka mara ngapi, ambacho kwa gari nzito kinamsifia hata marehemu. Endesha kwenye barabara ya rasta, ile ya vumbi yenye mawimbi mawimbi, kama nusu saa hivi, simama, sogeza mkono taratibu karibu na kila shokapu bila kuikamata maana inaweza kukuunguza. Zinazofanya kazi zimechemka. Iliyopoa wakati wenzake wanachemka, hiyo imekufa siku nyingi, inaning'inia pale kama pambo. Ukungu kidogo wa oili juu ya shokapu sio kesi, oili inayochuruzika na kukusanya tope ni kesi.

Kuchagua mpya, jua kuna za mirija miwili na za mrija mmoja. Za mirija miwili ni laini kidogo, zinavumilia kugongwa na jiwe kwa nje kwa sababu mrija wa kazi uko ndani, ila kwenye rasta ndefu oili yake inachemka na kuchanganyika na gesi, shokapu inalainika na gari inaanza kuelea. Mrija mmoja unapoa haraka na oili imetenganishwa na naitrojeni, lakini ukipinda ule mrija kwa jiwe imeisha. Kwa gari inayotembea mwendo wa kawaida na mzigo wa kawaida, mirija miwili minene ya kampuni inayoeleweka inatosha, sioni sababu ya kujitesa. La muhimu zaidi ni shokapu iendane na springi: springi ngumu kwa shokapu laini inakupa ngalawa. Na urefu uendane, gari ikikandamizwa hadi mwisho ile raba ya kugongea ndo itangulie kugonga, sio shokapu kufika kitako.

Kunyanyua gari sasa. Inchi mbili, kama milimita 50, kwa gari nyingi za zamani ndo kiasi ambacho bado unaweza kuishi nacho. Ila hata hizo inchi mbili zina madeni yake. Kwenye ekseli nzima ya mbele inayoshikwa na mikono, kama Land Cruiser 80, Patrol Y60 na Y61 au Defender, ukinyanyua mwili ekseli inajizungusha na kasta inapungua, kasta ndo ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, ikipungua gari inahamahama barabarani na dereva anachoka bila kujua kwa nini. Dawa yake ni bushi zenye tundu la pembeni au vibati vya kurekebisha, na inatakiwa viingie siku hiyo hiyo. Panadi rodi nayo inaisukuma ekseli pembeni kidogo, kwa hiyo gari inakaa haijalingana na magurudumu yake. Hozi za breki zinakuwa fupi, angalia magurudumu yakining'inia kama zimevutika. Kwenye mbele huru, ekseli shafti zinainama sana na zile buti za raba zinachanika mapema.

Na kuna moja inayosahaulika sana: gari nyingi za zamani, Toyota hasa, zina valvu ya breki nyuma juu ya ekseli yenye kirodi kinachosoma gari imebeba kiasi gani kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na chesisi. Ukinyanyua nyuma, valvu inadhani gari iko tupu siku zote, inapunguza breki za nyuma. Umepakia, unashuka mlima, breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake. Kile kirodi kinarekebishika, ni kazi ndogo, ila lazima mtu akumbuke.

Haya, sasa tairi.

Namba kwanza, maana ukizielewa hakuna wa kukuyumbisha. 265/70R16: upana milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, rimu inchi 16. Ubavu ni 185.5, mara mbili 371, ongeza rimu ambayo ni 406.4, unapata tairi ya kimo cha milimita 777 hivi. Fanya hiyo hesabu kwa 265/75R16 unapata 804. Fanya kwa 235/85R16 unapata 806. Umeona hapo? Hizo mbili za mwisho zina kimo kile kile, tofauti ni upana wa sentimita 3. Kwa hiyo mtu anayesema nataka tairi kubwa muulize kubwa wapi, kwenda juu au kwenda pembeni.

Kwenda juu ndo kunakusaidia kwa kweli, kwa sababu kwenye ekseli nzima hicho ndo kitu pekee kinachonyanyua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kutoka kwenye mawe, springi zinanyanyua mwili tu, ekseli inabaki pale pale. Ila ukitoka 777 ukaenda 804 umeongeza karibu asilimia 3.5, spidomita ikisema 100 we uko 103 na kitu, hiyo inavumilika. Ukienda 285/75R16 ni 834, asilimia 7, hapo injini ya zamani iliyokuwa inapanda mlima kwa gia ya nne sasa inaomba ya tatu, breki zinapambana na gurudumu refu na zito zaidi, wese linaongezeka, tairi inakwaruza madigadi ukikata kona mpaka mwisho, na spea haiingii mahali pake. Beringi na boljointi ulizobadilisha juzi zinapata kazi mpya pia. Mi naona hatua moja juu ya ile ya kiwandani inatosha, na kama gari ina injini ndogo isiyo na tabo hata hiyo fikiria mara mbili.

Upana ni mabishano ya miaka na miaka. Nyembamba inakata tope na kwenda kutafuta ardhi ngumu chini, ina uzito mdogo, inasukumwa kirahisi. Pana inaelea zaidi juu ya vitu laini ambavyo havina chini. Lakini kwenye mchanga upana sio siri kubwa hivyo, siri ni kupunguza upepo, maana tairi ikilegea inarefuka pale inapokanyaga, unapata kitu kama mnyororo wa kifaru, na tairi nyembamba yenye ubavu mrefu inafanya hivyo vizuri sana. Angalia pia rimu yako: 235/85 inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6 au 6.5, 265/75 inataka 7 kwenda 8, ukiilazimisha kwenye rimu nyembamba inavimba katikati na kulika hapo hapo. Na kama gari ni ya zamani kiasi cha kuwa na zile rimu za kufunguka zenye pete ya chuma na tyubu ndani, tafadhali usijaze upepo ukiwa umeinama juu yake, ile pete ikichomoka imeshaua watu, hujazwa ikiwa ndani ya kizimba cha chuma.

Aina tatu unazijua. H/T ni za barabarani, A/T ni za kila mahali, M/T ni za matope. Ukweli ambao hautaki kuusikia ni kwamba kwa mtu anayetembea zaidi ya nusu ya kilomita zake kwenye lami na vumbi gumu, A/T ndo jibu, na nimeshasema nilichokifanya mimi. M/T zina nafasi kubwa kati ya meno ili tope litoke tairi ikizunguka, lakini nafasi hizo hizo zinakupunguzia raba inayogusa lami ya mvua, kwa hiyo breki kwenye mvua zinarefuka, na zinavuma. Kama unaishi kwenye tope la mfinyanzi, sawa, hakuna mbadala. Kama unalitembelea tu, A/T yenye upepo mdogo na dereva mwenye subira inafika.

Soma ubavu usiishie kwenye jina. Namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Ukiona mbili kama 120/116, ya kwanza ni tairi ikiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni zikiwa mbili mbili kama za lori. Herufi LT mbele inamaanisha tairi ya kazi, ubavu mgumu, inavumilia mawe, ila inataka upepo zaidi ya tairi ya kawaida ili ibebe mzigo ule ule, kwa hiyo usijaze namba ya kibati cha mlangoni bila kufikiri ukihamia LT. Halafu tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazima ya miaka kumi ni mtego, raba imekauka ndani huko usikokuona, na gari za porini ndo zinaongoza kwa hili kwa sababu hazitembei sana, na spea ndo usiseme, imening'inia nyuma inaota jua tangu inunuliwe.

Gari yenye foo-wili ya muda wote, kama Land Cruiser 80 nyingi, inataka tairi nne zinazolingana kimo, sio saizi ya maandishi tu bali hata kulika. Mbili mpya mbele na mbili kipara nyuma zinafanya difu ya katikati ihangaike kila mita unayotembea. Za foo-wili ya kuingiza kwa mkono zinasamehe mpaka pale utakapoingiza kwenye ardhi inayoshika.

Upepo. Namba moja kwa kila mahali haipo. Njia ninayoitumia ni kupima asubuhi tairi zikiwa baridi, kutembea saa nzima mwendo wa kawaida, kupima tena. Ikipanda kama psi 4 uko sawa. Ikipanda zaidi sana, tairi inajikunja mno na kuchemka, ulianza na upepo mdogo, ongeza kesho asubuhi. Haikupanda hata kidogo, umejaza kupita kiasi. Kwenye vumbi la mawe nashuka kwenda 26 hivi na napunguza mwendo, kwenye mchanga laini 16 hadi 18, na hapo usikate kona kwa fujo tairi ikavuka rimu. Ukirudi kwenye lami jaza, usiseme nitajaza mbele, tairi laini kwenye mwendo mkubwa inapasuka. Hiyo ina maana kompresa na geji vinatangulia kununuliwa kabla ya taa za juu.

Alaimenti inakuja mwisho kabisa, gari ikiwa na tairi mpya, springi mpya zilizotembea kidogo na kukaa, na mzigo wake wa kila siku ndani, sio tupu. Kwenye ekseli nzima ya mbele kinachorekebishika kirahisi ni tairi kwenda sambamba tu, na anayekuambia amerekebisha vingine vyote kwa dakika kumi muulize kwa bolti gani.

Baada ya kilomita 100 rudi chini na spana: nati za magurudumu, yu-bolti, bolti za mikono, panadi rodi, vichwa vya shokapu. Rudia kwenye 500. Yu-bolti mpya hasa, mara ya kwanza utashangaa zimekubali karibu robo mzunguko. Mi siku hizi nikimaliza kubana napitisha chaki ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma chake, mstari mmoja mnyoofu, safari ijayo nachuchumaa tu naangalia mistari iliyovunjika.